Kabati la sentimita 60

Mwagize fundi seremala wa Bweri, hapo karibu na stendi ya mabasi, akutengenezee kabati la upana wa sentimita 60. Kabla hajashika msumeno atauliza: ndani au nje?

Internet Explorer 5 ya Windows, kivinjari cha Microsoft, haikuuliza. Kanuni za mwaka 1996 zilisema upana wa sanduku kwenye ukurasa wa wavuti ni wa ndani. Nafasi na mpaka vinajumlishwa juu yake. Sanduku la pikseli 300, lenye nafasi ya 20 na mpaka wa 5 kila upande, lazima lifike 350. Kwa Explorer liliishia 300 lilelile. Ukurasa uliopangwa kwa kuitazama Explorer, ukifunguliwa kwingine ulifura, safu ya pili ikaporomoka chini ya ya kwanza.

Tantek Çelik, aliyesaidia kuongoza uundaji wa Explorer ya Macintosh, alibuni mtego. Unaandika kwanza kipimo cha uongo, kisha alama za nukuu zinazokikwamisha kivinjari kibovu, halafu kipimo cha kweli. Kibovu kinaishia njiani na uongo wake, vingine vinapita. Ujanja wa mjini, lakini ulifanya kazi.

Explorer 6 ilikuja 2001. Ilipima sawasawa iwapo ukurasa ulianza na tamko la aina yake, ila ilikuwa na lake: pambizo la sanduku lililoegeshwa pembeni ililizidisha mara mbili. Dawa yake ilikuwa neno moja ambalo kikanuni halikupaswa kubadili chochote. Likabadili.

Toleo la 7 lilichelewa hadi 2006. Nalo huku kwetu halikushushwa kirahisi: mkongo wa intaneti wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti ilitegemea zaidi setilaiti, nayo ilikuwa ghali. Nani, akilipia kafe kwa nusu saa, angeitumia kushusha kivinjari kipya? Mwaka 2011 Microsoft yenyewe iliwasihi watu waiache namba 6, na tarehe 15 Juni 2022 ikaistaafisha Explorer.

Kinachonichekesha ni hiki: kipimo chake cha nje kilirudi. Kanuni mpya zinamruhusu mtengenezaji kuchagua, na wengi leo huchagua kile kile kilichotukanwa. Hata seremala, usipomjibu, atapima nje.