Nauli, Kiingilio na Bando: Gharama ya Sinema Mjini Babati

Majumba ya sinema Tanganyika yalijengwa mahali penye umeme, wafanyabiashara na watu wa kutosha kujaza viti: Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha. Wamiliki wake wengi walikuwa familia zenye asili ya Asia, na viti viliuzwa kwa madaraja. Aliyelipa kidogo alikaa mbele, karibu na pazia; mwenye uwezo alipanda roshani. Babati, mji wa njiani kwenye barabara ya Arusha na Dodoma, ulikuwa pembezoni mwa biashara hiyo. Kwa mkazi wake kiingilio kilikuwa sehemu ndogo ya gharama. Mzigo wenyewe ulikuwa nauli ya takriban kilomita 170 hadi Arusha, na pia malazi, kwa kuwa picha ya usiku iliisha wakati hakuna tena gari la kurudi.

Njia ya kwanza ya kuukwepa umbali huo ilikuwa kuwapelekea watu sinema walipo. Kati ya 1935 na 1937, mradi uliofadhiliwa na Carnegie Corporation ya Marekani, wenye makao Vugiri karibu na Korogwe, ulitengeneza filamu za mafunzo kuhusu kilimo, afya na kuweka akiba, ukazizungusha kwa lori Afrika Mashariki na Kati. Sauti haikuwa kwenye mkanda wa picha; ilipigwa kwenye santuri, ili filamu moja iweze kusemeshwa kwa lugha tofauti. Magari ya sinema yaliendelea baadaye chini ya serikali ya kikoloni, na baada ya uhuru chini ya wizara ya habari.

Gari lilipofika mahali lilizunguka mchana likitangaza kwa kipaza sauti. Giza likiingia, kitambaa cheupe kilitandazwa uwanjani na jenereta likawashwa kando, mbali kidogo, mlio wake usije ukameza maneno. Waliokosa nafasi walihamia upande wa nyuma wa kitambaa, wakaona picha ile ile imegeuka, maandishi yakisomeka kinyumenyume. Kiingilio hakikuwepo, na uchaguzi pia haukuwepo: kilichotazamwa ni kile gari lilichobeba.

Huko mijini mambo yalibadilika. Mwaka 1968 iliundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, ambayo baadaye ilikabidhiwa kazi ya kuagiza na kusambaza filamu. Mwaka 1971 majengo mengi ya kupangisha, ya sinema yakiwemo, yalitaifishwa. Uhaba wa fedha za kigeni ulipozidi, filamu mpya zikawa adimu na majumba yakachakaa. Milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980, video ziliingia kwa wingi, na video haikuhitaji jumba wala roshani.

Hapo ndipo miji ya ukubwa wa Babati ilipopata sinema ya kila siku: banda umiza. Televisheni moja, deki, mabenchi ya mbao, madirisha yaliyozibwa kwa magunia, na nje ubao wa chaki wenye majina ya picha za siku hiyo, za Kihindi, za kininja, za vita. Jina linatokana na mateso ya mabenchi na joto. Kiingilio kilikuwa shilingi mia chache. Hata lugha ikapatiwa dawa: watafsiri kama Derek Gaspar Mukandala wa Dar es Salaam, maarufu Lufufu, waliweka sauti zao juu ya filamu za kigeni, wakimsimulia stelingi na adui wake kwa Kiswahili cha mtaani.

Babati ikawa makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002, na lami ikauunganisha mji na Arusha, kisha na Dodoma, barabara iliyozinduliwa mwaka 2018. Safari ikawa fupi kwa saa, ila si kwa mfuko. Kwa kiwango cha nauli ya basi la daraja la kawaida kilichotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) mwishoni mwa 2023, shilingi 48.47 kwa kilomita, kwenda Arusha na kurudi ni karibu shilingi 16,500 kwa mtu mmoja. Kwa kiwango hicho, mke na mume wanaotaka kuona filamu mpya kwenye ukumbi wa kisasa hutumia takriban shilingi 33,000 kabla ya kununua tiketi, soda na bisi.

Televisheni binafsi zilizoanza mwaka 1994, kisha ving'amuzi, kisha simu, ziliifikisha filamu sebuleni na mfukoni. Mtu huingiziwa filamu kwenye flashi kibandani, au huitazama kwa bando. Banda umiza halikufa. Limeegemea mpira, na siku ya Simba na Yanga mabenchi yake hayatoshi.