Masanduku ya Minnesota na ugomvi wa mafuta ya kula

Huku Minnesota theluji imerudi, na mtu akishatoka kazini hana pa kwenda ila kujifungia ndani na kusoma. Wengi mmekuwa mkiniuliza kwa simu habari ya mafuta, yapi yanaua moyo na yapi yanauponya, kana kwamba kukaa Marekani kunampa mtu udaktari! Mimi si daktari. Ila imetokea kwamba jimbo hili ninaloishi ndipo sehemu kubwa ya vita hivyo ilipopiganiwa, kwa hiyo historia yake naweza kuwasimulia.

Tuanze na mtu mmoja aitwaye Ancel Keys. Alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Minnesota, na maabara yake ilikuwa chini ya viti vya uwanja wa mpira wa chuo. Uwanja wenyewe ulibomolewa mwaka 1992, msije mkanituma kupiga picha. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani wanaume walikuwa wanaanguka kwa ugonjwa wa moyo wakiwa bado na nguvu zao, na mwaka 1955 Rais Eisenhower mwenyewe alipatwa na shambulio la moyo. Hapo nchi nzima ikashtuka. Keys akasema chanzo ni chakula. Mafuta yanayoganda, yaani siagi, samli na mafuta ya nyama, yanapandisha lehemu katika damu (wengi tunaiita kolesteroli), na lehemu inaziba mishipa. Mwaka 1958 alianzisha uchunguzi mkubwa katika nchi saba, na Januari 1961 picha yake ikatoka kwenye jalada la gazeti la Time. Mwaka huohuo chama cha madaktari wa moyo cha Marekani kikaanza kuwashauri watu wapunguze mafuta ya kuganda na badala yake watumie ya mbegu: mahindi, soya, pamba na kadhalika.

Hapa inabidi niingize kemia kidogo, msikimbie. Mafuta yote ni minyororo ya kaboni iliyobeba hidrojeni. Mnyororo uliojaa hidrojeni pande zote umenyooka, unapangika vizuri na wenzake, ndiyo maana samli inaganda, na hata mafuta ya nazi huganda asubuhi za baridi. Mafuta ya mahindi, soya na alizeti yana minyororo yenye nafasi mbili au zaidi ambazo hazijajazwa, kwa hiyo inapinda na mafuta yanabaki maji. Lehemu inashuka mtu akila haya ya pili badala ya yale ya kwanza, na hilo halina ubishi mkubwa. Ubishi uko kwenye zile nafasi zilizo wazi, kwa sababu oksijeni hupenda kushambulia papo hapo. Mafuta ya mbegu yakikaa sana juani au jikoni huchacha na kutoa harufu, nanyi mnaijua. Sasa swali likawa: je, yakichacha ndani ya mwili? Maana ndani yetu kuna oksijeni na kuna joto, na chembe chokozi zinazozaliwa zinaweza kuunguza kuta za mishipa. Wataalamu wanauita hali hiyo msongo wa oksijeni.

Kwa hiyo mafuta yaleyale yana kesi mbili mahakamani. Yanashusha lehemu, na yanachacha upesi. Ipi inashinda?

Keys na mwenzake Ivan Frantz waliamua kulijibu kwa jaribio, na ni jaribio ambalo hadi leo watu wanaligombania. Kati ya mwaka 1968 na 1973 walichukua watu 9,423 katika hospitali 6 za serikali za wagonjwa wa akili na nyumba moja ya wazee, zote za jimbo hili. Kwa nini huko? Kwa sababu mtu aliyefungiwa anakula anachopikiwa. (Hilo peke yake linanikera, lakini enzi zile hawakuona shida sana.) Nusu walipewa chakula cha kawaida cha hospitali, ambamo asilimia 18 ya nguvu ilitoka kwenye mafuta ya kuganda. Nusu nyingine walipikiwa kwa mafuta ya mahindi na kupakiwa mkate majarini ya mahindi. Wao mafuta ya kuganda yalishushwa hadi asilimia 9. Hawakujua nani anakula nini.

Lehemu ikashuka kama ilivyotabiriwa: karibu asilimia 14 kwa waliokula mahindi, na asilimia 1 tu kwa wengine. Lakini vifo havikupungua. Na matokeo hayo, jamani, hayakuchapishwa hadi mwaka 1989! Miaka 16 tangu jaribio liishe.

Yaliyofuata ni kama hadithi. Frantz alifariki mwaka 2009. Mtafiti wa serikali aitwaye Christopher Ramsden alikuwa akizitafuta takwimu za zamani, akawasiliana na mtoto wa Frantz, ambaye naye ni daktari wa moyo. Kijana wa mzee akashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba ya wazazi na kukuta masanduku yaliyokuwa yamekaa kwa miaka yamejaa karatasi na kanda za kompyuta za kizamani. Ramsden na wenzake wakazifufua na kuchapisha mwaka 2016. Hesabu yao ilionyesha kwamba kwa kila miligramu 30 kwa desilita lehemu iliposhuka, hatari ya kufa ilipanda kwa asilimia 22. Magazeti yakalipuka. Mafuta ya mahindi yanaua!

Ngojeni kwanza. Wapinzani nao walikuwa na hoja, na mimi naziona nzito. Wagonjwa wengi hawakukaa hospitalini. Waliobaki mwaka mzima au zaidi walikuwa kama 2,400 tu, na mishipa haizibwi wala kuzibuliwa kwa miezi michache. Pili, majarini ya miaka ile. Ili mafuta ya maji yagande viwandani yalikuwa yanaingizwa hidrojeni, na njia hiyo huzalisha mafuta ya aina ya transi, ambayo tangu miaka ya 1990 tunajua ni mabaya kuliko hata siagi. Tatu, mtu mgonjwa sana lehemu yake hushuka yenyewe kabla hajafa. Kwa hiyo huenda ni ugonjwa ulioshusha lehemu, siyo mafuta yaliyoleta kifo.

Lakini Minnesota haikuwa peke yake. Sydney kule Australia, kati ya 1966 na 1973, wanaume 458 waliokuwa wameshaugua moyo waligawanywa, na nusu wakapewa mafuta ya safflower, mmea wenye miiba unaofanana kidogo na alizeti. Ramsden huyohuyo alipozifufua takwimu zake mwaka 2013 alikuta waliopewa mafuta hayo walikufa zaidi: 17.6 kwa mia dhidi ya 11.8. Oslo huko Norway ikasema kinyume. Daktari Paul Leren aliwapa wagonjwa wake mafuta ya soya, na ripoti yake ya mwaka 1966 ilionyesha mashambulio ya moyo yamepungua. Los Angeles nao, wazee 846 waliokuwa wanajeshi: vifo vya moyo na mishipa vilipungua, ila jumla ya vifo vya kila aina ikabaki karibu ileile.

Tofauti ni nini? Wengine wanasema ni aina ya mafuta. Safflower ina omega 6 peke yake, mahindi nayo karibu hivyohivyo. Soya ina omega 3 kidogo, na wagonjwa wa Oslo walikuwa wanakula samaki pia. Mimi maelezo haya naona yana akili, ingawa hayamalizi kesi.

Na ile kesi ya kuchacha? Mwaka 1989 Daniel Steinberg wa San Diego na wenzake waliandika kwamba LDL, kile chombo kinachobeba lehemu kwenye damu, huwa hatari zaidi kikishaunguzwa na oksijeni. Dunia ikakimbilia vitamini E, kwa sababu huzuia kuchacha. Vidonge vikauzwa kama njugu. Mwaka 2000 jaribio kubwa liitwalo HOPE, lenye wagonjwa zaidi ya 9,500, likatoa jibu: vitamini E haikuwasaidia hata kidogo kwa moyo. Huko Finland mwaka 1994 ilikuwa mbaya zaidi. Wavutaji sigara waliopewa beta karotini walipata saratani ya mapafu kwa wingi zaidi. Hivyo kuunguzwa kupo, lakini kukuzima kwa kidonge kumeshindikana.

Tena mwaka 2019 watafiti walikusanya tafiti 30 kutoka nchi 13, watu 68,659, wakapima omega 6 kwenye damu na miili yao. Wenye nyingi ndio waliopata matatizo machache ya moyo. Kama mafuta haya yangekuwa sumu kama yanavyosemwa kwenye ule ujumbe mnaotumiana, tungetegemea kinyume.

Kuna na sura yetu wenyewe. Miaka ya 1960 George Mann wa chuo cha Vanderbilt alikuja Tanganyika kuwapima Wamasai, watu wa maziwa na nyama, akakuta lehemu yao iko chini. Mwaka 1972 aliripoti mioyo ya Wamasai 50 waliokufa: mishipa ilikuwa na utando kama ya wazee wa Kimarekani, ila ilikuwa imepanuka, damu ikapita. Mwendo wao wa miguu huenda ulichangia. Na Mauritius, mwaka 1987 serikali ilibadilisha mafuta ya bei nafuu kutoka mawese hadi soya, na miaka mitano baadaye wastani wa lehemu ya wananchi ulikuwa umeshuka kutoka 5.5 hadi 4.7.

Sasa najua kwamba nyumbani Tanga kuna mvutano juu ya chungu cha Mzee tangu apewe ile karatasi ya kliniki. Kaka anasema mafuta ya mbegu ni sumu arudi kwenye samli, shangazi anasema nazi ni dawa. Nionavyo mimi, karatasi ya kliniki ifuatwe. Mafuta ya nazi yalipolinganishwa na ya mbegu katika majaribio 16, mwaka 2020, yalipandisha LDL kwa kama miligramu 10. Wali wa nazi wa Ijumaa sitaugusa, nisije nikafukuzwa ukoo, lakini kila siku hapana. Mafuta ya alizeti yawekwe gizani, kifuniko kikiwa kimefungwa. Na yale yaliyokaangia samaki mara tatu hadi yakawa meusi, mwageni. Hapo hoja ya kuchacha haina mpinzani. Vidonge vya presha asiache hata siku moja kwa sababu ya mafuta ya aina yoyote.

Suala la vidonge vya mafuta ya samaki, ambalo Bi Mkubwa aliniuliza, nimeliacha kwa makusudi. Lina majaribio yake na ugomvi wake, nitaliandikia wiki ijayo nikipata zamu ya mchana.