Wahindi wa Zanzibar: watumwa waliachiliwa, mikopo ikaendelea

Mwaka wa 1860, Rigby, konsuli wa Uingereza huko Zanzibar, aliamuru wafanya biashara Wahindi waachilie watumwa wao. Kwake, Wahindi hao walikuwa raia wa Uingereza, na raia wa Uingereza hakuruhusiwa kumiliki mtu. Maelfu ya watumwa walipewa barua za uhuru. Lakini wafanya biashara wengi, hasa wenye asili ya Kutch, walidai kuwa wako chini ya Sultani.

Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 ulifunga masoko ya watumwa katika inchi ya Sultani, na ukawakataza pia Wahindi waliolindwa na Uingereza kuwa na watumwa.

Hata hivyo, kumiliki ni jambo moja, kukopesha ni jingine. Taria Topan, tajiri Mhindi wa Zanzibar, alimkopesha Tippu Tip mali ya misafara iliyofika hadi Kasongo, katika Maniema. Misafara ilitafuta pembe za tembo. Njiani vijiji vilishambuliwa na watu wakatekwa. Sheria ilimpata kwa urahisi Mhindi mwenye mtumwa nyumbani. Aliyekopesha msafara alikuwa vigumu kumshika, na deni lake lililipwa na wakaaji wa Maniema.