Shahada Mbili kwa Mpango Mmoja: Namna ya Kuchagua Programu ya Udaktari na Utafiti

Jamaa zetu wa Maskati, Dubai na Doha huniletea karatasi za vyuo niwasomee. Nilikuwa karani kwa umri wangu wote wa kazi, na skuli ya misheni niliyosoma ilinizoeza kutotia saini kitu kabla ya kufika mstari wa mwisho. Karatasi zinazonijia zaidi siku hizi ni za programu iitwayo MD-PhD. Familia moja imeshataka kuuza kiwanja ili binti yao aende. Kwa hiyo naeleza hapa jambo hili, kwa faida ya wote. Kiwanja kikiuzwa, Mungu akijaalia hununuliwa kingine. Miaka minane ya ujana hainunuliki.

Maana yake

Kwetu neno daktari lina maana mbili, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. MD ni shahada ya udaktari wa tiba. Mwenye nayo hutibu wagonjwa. PhD, yaani shahada ya uzamivu, ni ya utafiti. Mwenye nayo amethibitisha kwamba anaweza kushika swali ambalo halijapata jibu, akalifanyia kazi miaka kadhaa na kuandika tasnifu yenye elimu mpya. Programu ya pamoja humpa mwanafunzi shahada zote mbili kwa mpango mmoja.

Nia ya programu hizi ni kupata daktari mtafiti, mtu ambaye siku nyingi za wiki yuko maabara na siku chache yuko kliniki. Mzazi na ayashike sana maneno hayo. Ikiwa mtoto wako anataka kukaa na wagonjwa kutwa, MD inamtosha. PhD si pambo la jina wala si njia ya kuongeza mshahara.

Marekani

Programu za namna hii zilianza katika chuo cha Case Western Reserve, mji wa Cleveland, mwaka 1956. Mmoja wa wahitimu wake wa mwanzo, Ferid Murad, alipata shahada zote mbili mwaka 1965 na Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998. Mwaka 1964 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, zijulikanazo kwa herufi NIH, zilianza kutoa fedha kwa mpango uitwao MSTP.

Taratibu yake ni hii. Kijana humaliza kwanza shahada ya kwanza ya miaka 4. Kisha husoma masomo ya udaktari kwa muda wa kama miaka 2, huingia maabara kwa miaka 3 mpaka 5 kwa ajili ya PhD, halafu hurudi wodini kumaliza udaktari. Jumla ni kama miaka 8. Baadaye yako mafunzo ya ubingwa, miaka 3 mpaka 7 kwa kutegemea fani. Piga hisabu: aliyeingia chuo na miaka 18 atapata shahada zake mbili akiwa na kama miaka 30, na ubingwa baada ya hapo.

Katika kuomba, mwombaji hufanya mtihani wa MCAT kama waombaji wengine wa udaktari, lakini huandika insha mbili zaidi: moja kueleza kwa nini anataka shahada zote mbili, nyingine kueleza utafiti alioufanya. Hiyo ya pili haiandikiki kwa kijana ambaye hajawahi kufanya kazi maabara.

Neema kubwa ya mpango huu ni fedha. Wanaokubaliwa katika MSTP husamehewa ada na hupewa posho ya kujikimu. Lakini fedha za NIH kwa mafunzo haya ni za raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu. Kijana aliyezaliwa Marekani na kukulia Maskati, mwenye paspoti yao, ana haki ya kuziomba. Ndugu yake mwenye paspoti ya Oman peke yake hana. Baadhi ya vyuo huchukua wageni kwa fedha zao wenyewe, ila nafasi hizo ni chache. Tena skuli nyingi za udaktari Marekani hutaka mwombaji awe amesoma katika chuo cha huko kwanza.

Uingereza

Uingereza kijana huingia masomo ya udaktari moja kwa moja kutoka sekondari. Cambridge na University College London zina programu ya MB-PhD, na kwa kawaida mwanafunzi huiomba akiwa tayari ndani ya masomo ya udaktari. Jumla ni kama miaka 9. Kwa hiyo mzazi asidhani mtoto huchaguliwa kwa shahada zote mbili siku ya kwanza. Anaweza kuingia udaktari na kukosa nafasi ya PhD.

Jambo la kuangalia zaidi ni ada. Mwanafunzi wa nje hulipa mara nyingi zaidi kuliko mwenyeji. Na wenyeji hauhesabiwi kwa paspoti pekee. Kwa kawaida sharti ni kwamba mtu awe ameishi Uingereza kama makazi yake kwa miaka 3 kabla ya masomo kuanza. Familia nyingi za Ghuba zenye paspoti ya Uingereza hukuta habari hii wakati barua ya ada imeshafika. Wanaokwenda kwa kazi ya muda tu huweza kuwa na hoja, basi wakiulize chuo mapema na jibu walipate kwa maandishi.

Njia ya kufuatana

Iko khiyari ya tatu ambayo watu huisahau kwa sababu haina jina kubwa: kumaliza udaktari kwanza, kutibu miaka michache, kisha kufanya PhD. Kwa Mwomani njia hii iko mlangoni. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilifunguliwa mwaka 1986 na kina skuli yake ya udaktari. Doha ipo Weill Cornell, inayotoa shahada ya udaktari ya chuo cha Cornell, na wahitimu wake wa kwanza walitoka mwaka 2008. Mafunzo ya ubingwa kwa Oman yako chini ya bodi yake, OMSB.

Mfano mzuri ni Profesa Julie Makani wa Tanzania. Alisomea udaktari Muhimbili, akaenda London kwa masomo zaidi, na mwaka 2003 akapata ufadhili wa Wellcome Trust kufanya PhD juu ya selimundu, kwa utafiti alioufanya nchini mwake. Mwaka 2011 alitunukiwa tuzo ya Royal Society kwa kazi hiyo. Selimundu iko Dar es Salaam na iko Oman. Familia nyingi zinazosoma makala hii zinaijua kwa majina ya watoto wao. Yeye alikwenda kutafuta PhD akiwa daktari tayari, na ugonjwa anaotaka kuupeleleza anaujua.

Hata PhD yenyewe si sharti la utafiti. Robert Lefkowitz ana shahada ya MD bila ya PhD. Utafiti alijifunza kwa kukaa maabara za NIH baada ya udaktari, na mwaka 2012 alipewa Nobel ya kemia.

Ubaya wa njia ya kufuatana ni kwamba dunia humwingilia mtu. Atakapofika miaka 32 ana mshahara, ana watoto, ana wazee wa kuwatazama, na kurudi kwenye posho ya mwanafunzi ni kazi nzito. Wengine hawarudi. Programu ya pamoja humlinda mtu na hilo.

Maswali ya kuuliza kila chuo

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukueni daftari, muulize haya na muandike majibu:

1. Fedha zinalipia miaka yote, pamoja na miaka ya udaktari, au miaka ya PhD tu?
2. Ikiwa utafiti umepita muda uliopangwa, nani analipa?
3. Mwanafunzi akiacha PhD katikati, anaruhusiwa kumaliza udaktari? Atadaiwa ada aliyosamehewa?
4. Wahitimu wa miaka kumi iliyopita wako wapi sasa, na wangapi bado wanafanya utafiti?
5. Wanafunzi huchukua miaka mingapi kwa kweli, si kwa karatasi?
6. Anapokuwa maabara, ana nafasi ya kuonana na wagonjwa? Miaka minne bila kushika mgonjwa husahaulisha mengi.
7. Msimamizi wa utafiti akihama chuo, mwanafunzi anakuwaje?
8. Likizo ya uzazi ikoje, na posho inaendelea?

Swali la nane wazazi wetu huona haya kuliuliza. Kwa binti atakayekuwa masomoni mpaka miaka 30, ni swali la maisha yake. Aulize mwenyewe, na aulize wanafunzi wa kike waliomtangulia.

Mwenye kutegemea ufadhili wa serikali aulize pia nyumbani: je, ufadhili unagharimia shahada zote mbili au unakoma ya kwanza? Na shahada ya chuo hicho inatambuliwa na Wizara ya Elimu ya Juu?

Kijana mwenyewe

Kipimo bora ninachokijua ni hiki: apelekwe maabara mwaka mmoja, au likizo mbili ndefu, kabla ya kuomba. Kazi ya utafiti ni majaribio yanayofeli wiki baada ya wiki. Atakayerudi nyumbani jioni akiwa bado anafikiria kwa nini limefeli, huyo ni mtu wa programu hii. Atakayekuwa anahesabu siku afike wodini, mpelekeni udaktari, na asionekane amepungukiwa.

Kwa ile familia ya kiwanja, nilipokwisha kusoma niliwaambia neno moja: PhD ya sayansi katika chuo kizuri cha Marekani kwa kawaida hailipiwi na mzazi. Hulipiwa na chuo au na ruzuku za utafiti. Chuo kinachotaka familia ilipe ada kamili kwa miaka yote minane hakijamchagua mtoto wenu awe mtafiti. Kimewachagua nyinyi muwe walipaji. Kiwanja bado kipo. Binti anaanza maabara mwezi ujao, hapa hapa Maskati, na maombi atapeleka mwakani akishajua anachokiomba.