Wekundu usoni: Baridi, jua na krimu katika miji ya Mlima Kenya

Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, tangu Nyeri na Karatina hadi Naro Moru, Nanyuki na Meru, uso wa mtu hupambana na maadui wawili kwa siku moja. Alfajiri huwa na ukungu na upepo wa baridi unaokausha ngozi. Kufikia adhuhuri, jua la ikweta huwa limechomoza kwa makali yake yote. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki, mji uliojengwa karibu na mstari wenyewe wa ikweta, uko juu zaidi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), makali ya miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 katika kila mita 1,000 za mwinuko. Baridi humhadaa mtu. Mkulima aliyevaa sweta shambani mwezi wa Julai hadhani kwamba anaunguzwa, ilhali mawingu mepesi huipitisha sehemu kubwa ya miale hiyo.

Ngozi inayodhurika upesi ndiyo ya kwanza kulalamika. Mashavu, pua, kidevu na paji la uso hupata joto la ghafla, huwasha na kuchoma hasa baada ya kuoshwa, na wakati mwingine hutokwa na vipele vinavyodhaniwa kuwa chunusi. Vitabu vingi vya tiba huiita hali hii wekundu kwa sababu viliandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe. Kwa ngozi nyeusi rangi hiyo huweza kuonekana kama hudhurungi au zambarau, au isionekane kabisa, hivyo mgonjwa huambiwa hana lolote. Anayeishi na hali hiyo huitambua kwa hisia kabla ya kuitambua kwa kioo: joto, mchomo na ngozi iliyokakamaa.

Mojawapo ya maradhi yanayoleta dalili hizo ni rozasia. Huu ni ugonjwa wa muda mrefu ambao mishipa midogo ya damu usoni hutanuka kupita kiasi pindi inapochokozwa na jua, joto, upepo, hasira, pombe au chakula chenye pilipili. Hauambukizi, wala hautokani na uchafu. Hauponi kabisa, lakini hudhibitika.

Hata hivyo, kisababishi kimoja hutoka dukani. Krimu za kung'arisha uso, na michanganyiko isiyo na lebo ijulikanayo kama mkorogo, mara nyingi huwa na steroidi kali kama vile klobetasoli au betamethasoni. Hizi ni dawa halali za maradhi fulani ya ngozi, zinazokusudiwa kutumiwa kwa muda mfupi na, kwa kawaida, si usoni. Katika siku za mwanzo hufanya maajabu: vipele hunywea, weusi hupungua, na mtumiaji humsifu aliyemuuzia. Baada ya miezi kadhaa ngozi huwa nyembamba, mishipa huanza kuonekana na vipele hurejea kwa wingi.

Hapo ndipo mtego hufyatuka. Mtumiaji anapoiacha krimu hiyo, uso huvimba na kuwaka kuliko wakati wowote uliopita, naye huamini kwamba krimu ndiyo iliyokuwa ikimtibu. Huirudia, na uso hutulia, kisha hali huwa mbaya zaidi atakapojaribu kuiacha tena. Mwako huo wa kuacha huweza kudumu kwa majuma au hata miezi. Yafaa aliyetumia steroidi kwa muda mrefu aiache chini ya uangalizi wa daktari, ambaye huenda akampunguzia nguvu ya dawa hatua kwa hatua badala ya kuikatiza ghafla.

Sheria haikukosekana. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mnamo 1998, na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) limekuwa likitoa orodha za bidhaa zisizoruhusiwa. Mnamo 2023, mataifa yaliyo katika Mkataba wa Minamata yaliafikiana mjini Geneva kukomesha vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki kufikia 2025. Bidhaa zenyewe, hata hivyo, hubadilisha jina na paketi upesi kuliko orodha.

Utunzaji wa uso wa aina hii huanza kwa kupunguza vitu, si kuviongeza. Maji ya vuguvugu yanatosha, pamoja na sabuni laini isiyo na manukato, mara mbili kwa siku. Sabuni ya kufulia, dawa ya meno, maji ya limau na vitu vya kusugulia viepukwe. Wakati ngozi bado ina unyevunyevu, ipakwe mafuta yasiyo na harufu. Wenyeji wengi hutumia mafuta ya kukamulia ng'ombe dhidi ya upepo, nayo huwafaa baadhi yao. Lakini mafuta mazito huweza kuchokoza uso wenye vipele, kwa hivyo bidhaa yoyote mpya ijaribiwe kwanza kwa siku chache nyuma ya sikio au upande wa ndani wa mkono.

Krimu ya kukinga jua yenye kipimo cha SPF 30 au zaidi hupakwa kila asubuhi na kurudiwa kila baada ya saa mbili mtu akiwa nje. Zile za madini ya zinki huchoma kidogo kuliko nyingine. Ni ghali, kofia pana haina gharama ya kila mwezi. Wapagazi na waelekezi wa watalii mlimani wana haja kubwa zaidi, kwani theluji mpya huirudisha miale usoni kutoka chini.

Kuhusu chakula, hapana orodha moja ya miiko. Wakazi wa Nyeri, wanaoishi katikati ya mashamba ya kahawa, huenda wakafarijika kujua kwamba utafiti uliochapishwa Marekani mnamo 2018, uliofuatilia wauguzi wa kike zaidi ya 82,000, ulipata kuwa wanywaji wa kahawa walipatwa na rozasia kwa uchache kuliko wasioinywa. Jaribio la awali, la 1981, lilikuwa limeonyesha kuwa maji ya moto pekee huusisimua uso sawa na kahawa ya moto, ilhali kahawa iliyopoa haikufanya hivyo. Kosa basi ni la moto. Chai ipoe kidogo kabla ya kunywewa. Muratina na vileo vingine ni vichochezi kwa wengi. Kila mtu aandike kwa majuma kadhaa alichokula na jinsi uso ulivyoitika, kisha aache kile tu kinachomdhuru.

Upungufu wa lishe nao una alama zake. Anayeishi kwa mahindi matupu, hasa mlevi, huweza kupata pelagra, ugonjwa unaochoma ngozi iliyo wazi kwa jua, pamoja na shingo na mikono. Githeri yenye maharagwe ni kinga nzuri kuliko vidonge vingi vya urembo.

Zipo dawa za rozasia, zikiwemo jeli ya metronidazoli, vidonge vya doksisaiklini, ambavyo mjamzito hapaswi kupewa, na krimu ya ivamektini. Mfugaji asidanganyike na jina hilo: ivamektini ya mifugo haikutengenezewa uso wa binadamu. Vipele vinavyofuatana na maumivu ya viungo na uchovu huenda vikawa lupasi. Magamba yenye mafuta kando ya pua na kwenye nyusi ni ugonjwa mwingine tena. Na macho yanayowasha na kuwa mekundu yahitaji kuchunguzwa mapema. Anayekwenda kliniki abebe kila kopo na chupa aliyoitumia, hasa ile isiyo na lebo, kwa kuwa steroidi huweza kuficha sura halisi ya ugonjwa kwa anayeutazama.