Watoto wa madarasa ya awali mjini Juba hujifunza nini, na kwa lugha gani?

Mtoto wa miaka sita anayeingia darasa la kwanza mjini Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, hukabidhiwa kazi mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni ile ya kila mtoto duniani: kuzitambua herufi, kuziunganisha na kuzisoma. Ya pili ni kuielewa lugha iliyoandikwa kwa herufi hizo, ambayo mara nyingi si ile inayozungumzwa nyumbani kwao.

Sheria ya nchi inasema jambo moja kuhusu lugha hiyo, na madarasa mengi ya Juba hufanya jingine. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa, kwa kuwa mtoto asiyejua kusoma anapofika darasa la nne huyapoteza masomo yote kwa pamoja.

Mtaala unasema nini?

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011 ikiwa na mitaala ya kuazima. Wakati wa vita vilivyomalizwa na mkataba wa amani wa mwaka 2005, miji iliyokuwa mikononi mwa serikali ya Khartoum, Juba ikiwa miongoni mwayo, ilifuata kwa sehemu kubwa mtaala wa Sudan kwa lugha ya Kiarabu. Katika maeneo ya wapiganaji wa SPLA na katika kambi za wakimbizi, watoto walisoma kwa Kiingereza vitabu vya Kenya au Uganda. Watoto wa familia moja waliweza kukutana nyumbani baada ya vita, mmoja akiandika kutoka kulia kwenda kushoto na mwenzake kutoka kushoto kwenda kulia.

Mtaala wa kwanza wa taifa ulizinduliwa mwaka 2015, na ukaanza kutumika madarasani mwaka 2019. Elimu ya msingi ni ya miaka minane, ikifuatwa na miaka minne ya sekondari. Katiba ya mpito ya mwaka 2011 inaitaja elimu ya msingi kuwa ya bure na ya lazima.

Katika madarasa matatu ya mwanzo, mtoto hufundishwa Kiingereza, lugha ya taifa, hisabati, sayansi, maarifa ya jamii, dini, sanaa na michezo. Mtaala unataka masomo yote yajenge uwezo wa namna nne: kufikiri kwa makini na kwa ubunifu, kuwasiliana, kushirikiana, na kuutambua utamaduni na utambulisho wake.

Darasani kuna nini?

Msingi ni zile stadi ambazo Watanzania huziita KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtoto huanza na sauti na maumbo ya herufi, kisha maneno mafupi, kisha sentensi. Katika hisabati huhesabu, hujumlisha na kutoa, na mara nyingi vifaa vyake ni vijiti, vizibo vya chupa na mawe yaliyookotwa uwanjani, kwa sababu vitabu na mabango havitoshi.

Masomo ya sayansi na maarifa ya jamii huanzia karibu na mtoto: viungo vya mwili, usafi, maji, mimea na wanyama, familia, shule na majirani. Kunawa mikono si somo la nadharia katika mji ambao wakazi wake wengi hununua maji yanayoletwa kwa magari kutoka mto Nile, na ambao umewahi kukumbwa na milipuko ya kipindupindu.

Kuna pia somo ambalo watoto wa nchi nyingi za jirani hawalihitaji. Ardhi ya Sudan Kusini bado ina mabomu na silaha zilizoachwa na miongo ya vita. Watoto hufundishwa kuzitambua alama za hatari, kutogusa chuma wasichokijua, kurudi kwa njia ileile waliyojia na kumwarifu mtu mzima. Elimu ya amani nayo imeingizwa ndani ya masomo mengine: mwalimu huwafunza watoto kusikilizana, kupokezana na kumaliza ugomvi bila ngumi. Vita vilivyoanza Juba Desemba 2013, na mapigano yaliyorudi mjini humo Julai 2016, vimeacha familia nyingi zikitazamana kwa hofu, na watoto wao hukaa dawati moja.

Lugha ipi ya kufundishia?

Katiba inazitambua lugha zote za asili za Sudan Kusini, ambazo ni zaidi ya 60, kuwa lugha za taifa. Kiingereza ni lugha rasmi ya kazi na ya elimu. Hata hivyo, Sheria ya Elimu ya mwaka 2012 inaelekeza kwamba katika elimu ya awali na darasa la kwanza hadi la tatu mtoto afundishwe kwa lugha ya mama, huku Kiingereza kikiwa somo. Kuanzia darasa la nne, Kiingereza ndicho hutumika kufundishia.

Mantiki yake ni nyepesi. Mtoto anayesoma neno analolijua hupata maana mara moja, na ujuzi huo wa kusoma huhamia katika lugha ya pili. Kiingereza kina ugumu wa ziada, kwani herufi zake hazisomeki kama zilivyo. Herufi C husikika kama K katika neno moja na kama S katika neno jingine. Tahajia za lugha kama Kibari na Kidinka zimejengwa kufuata sauti za wazungumzaji, kama ilivyo tahajia ya Kiswahili.

Wazo hili si geni. Mwaka 1928, wakati wa utawala wa Waingereza, mkutano wa lugha ulifanyika Rejaf, kilomita chache kusini mwa Juba, na kuchagua lugha za kufundishia shule za mwanzo, zikiwamo Kibari, Kidinka, Kinuer, Kilatuko, Kishilluk na Kizande. Baada ya uhuru wa Sudan mwaka 1956, serikali ya Khartoum ilizitwaa shule za wamisionari na kukisukuma mbele Kiarabu. Tangu hapo lugha ya darasani imebeba siasa pamoja na elimu.

Kwa nini Juba ni tofauti?

Katika kijiji chenye lugha moja, agizo la sheria linaweza kutekelezeka. Juba ni mji wa Wabari, lakini vita na riziki vimewaleta watu wa kila jimbo. Katika chumba kimoja huko Munuki au Gudele, mwalimu anaweza kukuta watoto wa Kibari, Kidinka, Kinuer, Kikuku na Kizande. Achague lugha ya nani bila mzazi mwingine kuhisi kwamba mtoto wake amebaguliwa?

Kinachowaunganisha ni Kiarabu cha Juba, lugha ya sokoni na mitaani, ambayo watoto wengi wa mji huianza mapema kuliko lugha ya babu zao. Msikilizaji wa Kiswahili atayatambua baadhi ya maneno yake: mtoto wa Juba anayehesabu hutaja sita, saba na tisa kama tunavyotaja sisi. Walimu wengi huitumia kufafanua somo, ingawa mtaala haukujengwa juu yake na vitabu vyake vya shule ni adimu. Kwa hiyo shule nyingi za mjini huanza na Kiingereza tangu siku ya kwanza, na mara nyingi mwalimu mwenyewe alisomeshwa kwa Kiarabu.

Vikwazo vingine ni vipi?

UNICEF katika miaka ya karibuni imekadiria kwamba watoto wapatao milioni 2.8 wa Sudan Kusini wako nje ya shule. Walioko ndani hukosa vipindi kwa sababu mbalimbali. Janga la Covid-19 lilifunga shule tangu Machi 2020 hadi Mei 2021. Machi 2024, na tena Februari 2025, serikali ilizifunga kwa sababu ya joto kali. Mwaka 2025 Naibu Waziri wa Elimu, Martin Tako Moi, alisema wastani wa wanafunzi 12 walikuwa wakizirai kila siku mjini Juba. Madarasa mengi ni ya mabati na hayana umeme.

Mishahara ya walimu huchelewa kwa miezi, na wengi huacha chaki kutafuta kazi nyingine. Kwa waliochelewa kuanza shule, upo mpango unaofupisha miaka minane ya msingi kuwa minne.

Je, Kiswahili kina nafasi?

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na viongozi wake wametangaza nia ya kukiingiza Kiswahili shuleni kwa msaada wa walimu kutoka Tanzania. Kwa Juba, Kiswahili kina faida moja: si lugha ya kabila lolote la mji huo.

Hata hivyo, kwa mtoto wa darasa la kwanza, Kiswahili kitakuwa lugha nyingine ya kujifunza. Kabla ya hapo, anahitaji mwalimu anayelipwa, kitabu mkononi na maneno anayoyaelewa, ili afike darasa la nne akiwa anajua kusoma.