Jina na Makazi Yake: Kumbukumbu za Wagonjwa Kasongo na Kabambare

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo ni nadra kupewa nafasi katika historia ya Maniema ya kusini, nalo ni namna watu walivyoandikwa, na mahali maandishi hayo yalipohifadhiwa. Tutaanza na kompyuta, kisha turudi nyuma.

Msimamizi wa kompyuta anapomsajili mtumiaji mpya, humfungulia akaunti: humpa jina la kuingilia, nambari, kundi lake, na saraka ya nyumbani, yaani sehemu ya mashine ambamo mafaili yake hukaa. Katika mfumo wa Unix, ulioanza kubuniwa mwaka 1969, mashine humtambua mtu kwa nambari; jina lipo kwa faida ya binadamu tu. Mtumiaji akifutwa, mafaili yake yakaachwa, na nambari yake akapewa mwingine, basi mgeni huyo hurithi mali ya mtangulizi wake bila yeyote kukusudia. Kwa hiyo msimamizi hukabiliwa na maswali matatu: huyu ni nani, kwake ni wapi, na nani ana ruhusa ya kufungua kilicho chake? Maswali hayo yaliulizwa Kasongo kwa karatasi na kalamu kabla kompyuta haijafika huko, na jibu lililopatikana wakati ule linatofautiana sana na jibu la leo.

Katika zama za Tippu Tip, ambaye alijiimarisha Kasongo kuanzia miaka ya 1870, mtu alijulikana kwa kutajwa bwana wake: huyu ni mtu wa fulani. Baada ya Kasongo kutekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwezi Aprili 1893, na Kabambare mwezi Januari 1894, bwana aliondoka lakini sarufi ilibaki. Amri ya kikoloni ya tarehe 2 Mei 1910 ilitaka kila mwenyeji ahesabiwe chini ya chifu. Waungwana, ambao wengi wao walikuwa wametengwa na koo zao kwa utumwa au kwa safari, hawakutoshea kwa urahisi katika mpango huo. Orodha za wakati huo zilikuwa za kodi na kazi. Aliyeandikwa hakuwa na sababu ya kufurahi.

Mwaka 1971 likaja daftari la namna nyingine. Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, ilianzisha kazi iliyokuja kujulikana kama Mradi wa Kasongo. Badala ya kutegemea hospitali peke yake, ulijengwa mtandao wa vituo vya afya vilivyoongozwa na wauguzi, kila kimoja kikilengwa kuhudumia watu wapatao 10,000. Fikra hiyo iliutangulia mkutano wa Alma-Ata wa 1978, na ni miongoni mwa mifano iliyozingatiwa Zaire ilipogawanywa katika kanda 306 za afya katika miaka ya 1980.

Wengi waliouandikia mradi huo wameusifu kwa chanjo na majengo. Kwa maoni yetu, uvumbuzi wake mkubwa ulikuwa sanduku la kadi. Jalada la mgonjwa lilikaa kituoni, karibu na kwake, likimngoja. Kadi za waliotakiwa kurudi, kama vile mtoto wa chanjo au mgonjwa wa kifua kikuu, zilipangwa kwa kufuata tarehe ya kurudi. Hivyo muuguzi aliweza kumwona asiyefika, jambo ambalo msongamano wa wagonjwa mlangoni haumwonyeshi kamwe. Mwanakijiji ndiye aliyekuwa na akaunti, na akaunti hiyo ilikuwa na makazi.

Lakini jina lenyewe lilikuwa tatizo. Kiswahili cha Maniema kimeyapa majina ya Kiislamu umbo lake: Ramadhani ni Ramazani, Hamisi ni Amisi, Athumani ni Asumani. Majina haya yamerudiwa katika kila mtaa, na mwanamke aliyezaa huitwa zaidi kwa jina la mtoto wake. Tena mapema mwaka 1972, mradi ukiwa bado mchanga, serikali ya Mobutu ilipiga marufuku majina ya ubatizo ya Kikristo, nayo hayakuruhusiwa tena hadi mabadiliko ya kisiasa ya 1990. Daftari lolote lililopangwa kwa jina peke yake lisingestahimili hayo. Ndiyo maana nambari, jina la mzazi na mahali pa kuishi vilikuwa na uzito kuliko jina.

Uzito huo ulidhihirika katika suala la surua. Mwaka 1981 timu ya mradi ilichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo wenye umri wa miezi 7 hadi 35. Je, mtoto aliyeepushwa na surua anaokoka kweli, au anakufa baadaye kwa maradhi mengine? Waandishi walishuku kwamba sehemu ya faida hupotea; wengine, akiwemo Peter Aaby, waliyasoma matokeo yale kwa namna tofauti. Hatutaingia katika mjadala huo. Linalotuhusu ni kwamba usingewezekana kabisa bila mtu kuweza kurudi kwenye nyumba ileile, kumwulizia mtoto yuleyule, na kujua kama asiyeonekana amehama au amefariki.

Ubelgiji ilisitisha ushirikiano wake na Zaire mwaka 1990. Kisha vita vya 1996 hadi 1997, na vile vya 1998 hadi 2003, vilipita Kasongo na Kabambare, na wakazi wengi wakakimbilia msituni. Kadi haikimbii pamoja na mwenyewe.

Katika muongo wa 2010 nchi ilianza kutumia DHIS2, programu ya taarifa za afya inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, yenye chimbuko Afrika Kusini baada ya 1994. Humo kila akaunti hupewa majukumu na eneo lake: mfanyakazi wa kanda ya Kasongo anaweza kuruhusiwa kuingiza takwimu za Kasongo na kuzuiwa asiguse za Kabambare. Huu ni utaratibu mzuri, mradi tu neno la siri lisiwe la ofisi nzima na akaunti ya aliyehamishwa ifungwe. Ila mwenye akaunti sasa ni mfanyakazi. Ingawa programu ina uwezo wa kumfuatilia mtu mmoja mmoja, ripoti za kila mwezi ni za jumla: wagonjwa wa malaria wangapi, wazazi wangapi. Mtoto asiyerudi hupungua katika hesabu bila kukosekana kwa jina. Kumtafuta bado ni kazi ya kadi iliyobaki kituoni, kama ipo.

Mashine nayo haina sikio. Livingstone, aliyekaa Kabambare akiugua vidonda vya miguu kati ya 1870 na 1871, aliandika Bambarre, na msomaji mwenye subira hutambua. Katika eneo la Kabambare upo mji wa Salamabila, jirani na mgodi wa dhahabu wa Namoya. Kanda ya afya ya hapo huandikwa Saramabila. Kwa msemaji, kupishana kwa l na r ni jambo la kawaida. Kwa kompyuta ni mahali pawili. Mgodi huvuta watu wasio wenyeji. Muuguzi anayempokea mchimbaji aliyetoka Fizi huandika jina kama alivyolisikia, na penye makazi huandika Namoya. Mwisho wa mwezi mtu huyo huwa moja katika jumla ya Saramabila, na pengine mwezi unaofuata ni moja mahali pengine.